Ushirikiano wa kikanda katika sera ya utamaduni: maana yake

Ukitaja ushirikiano wa kikanda katika utamaduni, wengi hupata picha ya tamasha: vikundi vya ngoma kutoka nchi tano, bendera zinapepea, mawaziri wamekaa safu ya mbele. Tamasha ni sehemu yake, tena sehemu ndogo. Kwa maana kamili, ni makubaliano ya nchi jirani, au nchi zenye lugha na historia moja, kuoanisha sheria, fedha na masoko yao ili kazi za wasanii wao zitengenezwe, zivuke mipaka na ziwalipe waliozitengeneza. Hayo matatu yote. Kazi isiyomlipa mtunzi wake haidumu.

Sera ya utamaduni ni uamuzi wa serikali juu ya kipi kifadhiliwe, kipi kilindwe, nani atozwe kodi na nani asamehewe. Tasnia za ubunifu ni shughuli za kiuchumi ambazo mtaji wake mkuu ni wazo na ustadi wa mtu: filamu, muziki, vitabu, mitindo, michezo ya kompyuta, usanifu.

Kwa nini basi nchi isijitegemee? Jibu liko katika gharama ya nakala ya kwanza. Filamu hula fedha nyingi kabla mtu mmoja hajaitazama: waigizaji, kamera, mavazi, miezi ya uhariri. Ikishakamilika, kumwonyesha mtazamaji wa milioni moja hakuongezi gharama ya kutajika. Mwenye soko kubwa nyumbani hurudisha fedha zake hukohuko, kisha huuza nje kwa bei yoyote atakayopewa, maana sehemu kubwa ya anachopata huko ni faida. Kituo cha televisheni katika nchi ndogo kikilinganisha bei ya tamthilia ya kigeni na gharama ya kutengeneza ya kwake, ni rahisi kujua kitachagua ipi. Mtayarishaji wa nchi yenye watu milioni nne anaweza kuwa na kipaji kuliko wote na bado akashindwa na hesabu hiyo. Utandawazi umeikuta hesabu hii ikiwepo, ukaiongezea kasi. Kanda ni njia ya kuwapa watu wa nchi ndogo soko la nyumbani lililo kubwa.

Mvutano huu uliwahi kufika kwenye meza za biashara ya dunia. Mwaka 1993, mazungumzo yaliyozaa Shirika la Biashara Duniani yalipokuwa yakifikia tamati, Ufaransa iliongoza nchi za Ulaya kukataa kufungulia milango filamu na vipindi vya televisheni kama bidhaa nyingine. Msimamo huo ukaitwa upekee wa utamaduni. Kanada ilipata somo chungu mwaka 1997: kodi yake maalumu kwa matoleo ya Kanada ya majarida ya Marekani, yaliyokuwa yakivuna matangazo ya wafanyabiashara wa Kanada, iliangushwa na shirika hilo. Ilionekana wazi kwamba nchi ikisimama peke yake, hata tajiri, inaweza kunyang'anywa chombo chake cha kulinda utamaduni.

Miaka minane baadaye, Oktoba 2005, UNESCO ilipitisha Mkataba wa Kulinda na Kuendeleza Uanuwai wa Maonyesho ya Kitamaduni, yaani wingi wa njia ambazo watu huonyesha utamaduni wao. Nchi 148 ziliunga mkono, mbili zikapinga, nazo ni Marekani na Israeli, na nne hazikuegemea upande. Kiini chake ni hiki: kazi ya utamaduni ina bei sokoni, lakini pia hubeba utambulisho na maadili ya watu, hivyo dola ina haki ya kuitungia sera yake. Ibara ya 16 inazitaka nchi zilizoendelea ziwarahisishie njia wasanii na kazi za nchi zinazoendelea. Binafsi naiona ndiyo ibara yenye uzito kuliko nyingine kwa nchi maskini, ingawa haitajwi sana.

Zana zenyewe zinatofautiana. Nchi za Amerika ya Kilatini, pamoja na Hispania na Ureno, zilianzisha Ibermedia katika miaka ya 1990: mfuko wa pamoja unaochangiwa na nchi wanachama, na filamu hupata ruzuku zikitengenezwa na watayarishaji wa zaidi ya nchi moja. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2018, unazitaka huduma za filamu za mtandaoni ziwe na angalau asilimia 30 ya kazi za Ulaya katika orodha zao. Nchi moja ndogo ikitoa sharti kama hilo inaweza kupuuzwa. Soko la mamia ya mamilioni ya watu halipuuzwi. Jumuiya ya Karibi, CARICOM, ilichukua njia nyingine: wanamuziki na wasanii wamo katika makundi ya kwanza yaliyoruhusiwa kufanya kazi katika nchi yoyote iliyo ndani ya soko lake la pamoja. Kwetu, Ibara ya 119 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inataja utamaduni na michezo, na kukuza Kiswahili kama lugha ya mawasiliano. Lugha moja ni soko ambalo kanda nyingi hazina.

Eneo linalonigusa zaidi ni mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kila kazi yake inapotumiwa, kwa kuwa halina jukwaa wala taa. Wimbo wa mtunzi wa nchi moja ukipigwa redioni katika nchi ya pili, chama cha hakimiliki cha huko ndicho hukusanya malipo, na humtumia mtunzi kupitia chama cha kwao. Hilo hutegemea mkataba wa uwakilishi kati ya vyama hivyo viwili, na taarifa sahihi za nani alitunga nini. Mkataba usipokuwepo, wimbo unavuka mpaka na fedha yake haivuki. Mtunzi anaweza kuwa maarufu kanda nzima na asipate kitu nje ya nchi yake.

Ushirikiano huu una hatari yake ya ndani. Mwanachama mkubwa anaweza kugeuka Hollywood ya kanda, na wadogo wakabaki kutoa mandhari na vibarua. Ndiyo maana mikataba ya filamu huweka viwango vya mchango. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 1992 ulitaka kila mshirika katika filamu ya nchi tatu au zaidi achangie angalau asilimia 10 ya gharama, na asizidi 70. Ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, kiwango cha chini kilishushwa hadi asilimia 5, kwa sababu kwa nchi ndogo hata hiyo asilimia 10 ilikuwa kikwazo cha kuingia.