Je, wajua? Kwa nini kibuyu cha mganda kinalia kama tarumbeta

Mara ya kwanza kuuona mganda, ngoma inayochezwa kwa gwaride, ukichezwa kwenye uwanja wa mchanga upande wa Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, nilikosea mambo mawili kwa mpigo. Wanaume walikuwa wamejipanga safu mbili, kaptula nyeupe zenye mkunjo wa pasi, soksi hadi magotini, viatu vimepigwa rangi vikang'aa. Nyuma yao kulikuwa na ngoma kubwa. Waliobaki wameshika vibuyu, wameviegesha midomoni, na kutoka humo unakuja mlio ambao ukifumba macho utaapa kuna bendi ya matarumbeta inakata kona.

Kosa la kwanza: nilidhani hii ni ngoma ya kale ya mababu, ambayo siku moja mtu fulani aliivalisha soksi. Kosa la pili: nilidhani vile vibuyu vinapulizwa.

Nianze na lile la kwanza, maana ndilo lililonichukua muda mrefu kuliacha. Kisa chake ni kibuyu chenyewe. Sisi tuna tabia ya kukadiria umri wa kitu kwa kutazama kimetengenezwa na nini. Ukiona shaba unasema hii ya juzi, imekuja na meli. Ukiona kibuyu unasema hii ya asili, ipo tangu enzi. Kwa hiyo nikajitungia historia nzuri iliyonyooka: kwanza vibuyu, kisha wazungu, kisha kaptula. Mambo yalikwenda kinyume. Shaba ilitangulia, kibuyu kikafuata.

Mganda, pamoja na ndugu yake wa Malawi anayeitwa malipenga, ni wa ukoo wa beni. Na beni, kama jina linavyojieleza, ni bendi. Ilizuka pwani ya Kenya miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, ambako vyama vya ngoma vya mitaa vilikuwa vikishindana tangu zamani kwa mavazi, mashairi na karamu. Vilipoona bendi za kijeshi na za meli, vikachukua gwaride, ngoma kubwa, matarumbeta na vyeo. Sasa mtaa ulikuwa na mfalme wake, majenerali wake na madaktari wake, na kazi yao kubwa ilikuwa kuutia aibu mtaa wa pili. Tanganyika vyama viwili vilivyovuma zaidi vilikuwa Marini na Arinoti. Ukitaka kuelewa hisia zake, fikiria Simba na Yanga, ila wachezaji wanapiga muziki na mashabiki wanalipia karamu.

Hapa kuna wanaosema: basi, ni kuiga wazungu tu. Nami nilisema hivyo kwa muda, nilipokwisha kuacha ile hadithi ya mababu, kwa hiyo nilihama kutoka kosa moja nikaingia jingine. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeifuatilia beni kwa kina katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba ushindani wenyewe ulikuwa wa zamani na wa kienyeji. Kilichokuwa kipya ni silaha zake. Hakuna anayesema Simba na Yanga wanaiga Waingereza kwa kuwa mpira wa miguu uliandikiwa sheria London.

Kutoka pwani hadi Ziwa Nyasa beni ilisafiri kwa miguu ya askari na wapagazi. Vita ya 1914 hadi 1918 iliwakusanya watu wa kila upande, wa jeshi la Wajerumani na wa King's African Rifles, yaani askari Waafrika wa Waingereza, pamoja na wapagazi wa ile Carrier Corps iliyoacha jina lake Kariakoo. Vita ilipokwisha walirudi makwao na gwaride kichwani. Waingereza waliingiwa na wasiwasi wakaichunguza beni, wakidhani labda ni mtandao wa siri. Mwaka 1935 wachimbaji wa migodi ya Zambia ya leo walipogoma, tume iliyoundwa kuchunguza ghasia ilijikuta inahoji habari za vyama vya Mbeni, ndiyo beni ya huko. Kuna kejeli ndogo hapo: shaba ilikuwa ikitolewa ardhini kwa matani, lakini tarumbeta ya shaba si kitu cha kupatikana kirahisi kijijini.

Basi kijijini ufanyeje? Gwaride unalo, vyeo unavyo, kaptula fundi cherehani atashona. Tarumbeta ndiyo haipo. Ndipo kibuyu kinapoingia. Nitahadharishe kidogo: vyombo vya kuimbia vyenye utando vilikuwapo Afrika kabla ya gwaride la kwanza la mzungu, kwa hiyo sisemi kibuyu chenyewe kilivumbuliwa wakati huo. Ninachosema ni kwamba kilipewa kazi mpya, na jina linaungama: lipenga kwa Kichewa ni tarumbeta, na malipenga ni wingi wake.

Sasa kosa la pili. Baada ya ngoma nilimwomba mzee mmoja anionyeshe kibuyu chake. Nikamwamkia shikamoo, nikakipokea, nikavimbisha mashavu, nikapuliza. Ikatoka fuuu, kama mtu anayepoza uji. Nikapuliza kwa nguvu zaidi. Fuuu. Mzee akaniacha nihangaike kiasi cha kutosha kuwafurahisha watoto waliokuwa pale, kisha akasema, "Mwanangu, usipulize. Imba."

Nikaguna tu, "mmm", na kibuyu kikanguruma mikononi mwangu hadi nikakaribia kukiangusha.

Siri iko kwenye tundu. Kibuyu kina mahali pa kuwekea mdomo na mahali pa kutokea sauti, na katikati kuna tundu lililozibwa kwa utando mwembamba sana. Utando wa jadi hutoka kwa buibui, lakini si ule wa kunasia nzi: ni kile kigozi cheupe, laini kama karatasi, anachofunikia mayai yake ukutani. Unakibandua taratibu, unakibandika juu ya tundu, basi.

Ili kuona utando unafanya nini, fikiria kwanza sauti ya mtu anayeguna. Ni kama mawimbi ya bahari iliyotulia: yanapanda, yanashuka, hayana kingo. Sasa fikiria turubai la kibanda siku ya upepo. Upepo ukilisukuma polepole, linajaa. Likifika mwisho wa kamba zake haliendi tena, linapiga pa! Upepo ukilegea linarudi, kisha pa! tena. Utando wa kibuyu ni turubai hilo, na upepo wake ni guno lako. Sauti ikitikisa hewa mara 200 kwa sekunde, utando unapiga mara 200 kwa sekunde. Kwa hiyo noti haibadiliki. Ni ile ile uliyoimba. Kinachobadilika ni umbo: wimbi lililokuwa laini limeota kingo, na kila ukingo mkali masikioni ni mlio wa juu ulioongezeka juu ya noti ya msingi.

Kama turubai halijakukaa, chukua spika iliyochanika. Wimbo unaujua, lakini kila neno linatoka na mchakacho. Ukishika karatasi nyembamba juu ya kitana ukaguna, ni yale yale.

Na kwa nini mchakacho huo ufanane na shaba? Kwa sababu tarumbeta nayo ina wingi wa milio hiyo ya juu. Ndiyo inayoipa ule ukali wa kupasua uwanja. Njia tu ndiyo tofauti. Kwenye tarumbeta midomo ya mpigaji ndiyo inayotetemeka, na bomba linaamua ni noti zipi zikubaliwe. Buruji, tarumbeta ya kijeshi isiyo na vali (vitufe vya kubadilishia urefu wa bomba), ina bomba la urefu mmoja, kwa hiyo milio yake ya kambini hujengwa kwa noti tano hivi, basi. Kibuyu hakina amri hiyo. Noti inatoka kooni, na umbo la kibuyu linaitia rangi tu, kikubwa kikiipa uzito, kidogo kikiipa ukali. Chochote unachoweza kuimba, kibuyu kitakiimba, hata ile miteremko ya sauti katikati ya noti ambayo mpiga buruji haipati ng'o. Nilikuwa nimekiita mbadala wa maskini. Kwa kipimo hiki kimoja, kinaishinda buruji. (Kwa sauti kubwa hakiishindi, ndiyo maana vinahitajika vingi.)

Udhaifu wake ni utando. Alasiri ile, katikati ya zamu ya pili, kibuyu kimoja safu ya mbele kilinyamaza ghafla. Kikabaki na guno la mtu tu, kavu, kama anayekubali jambo asilolipenda. Mwenyewe akatoka kwenye mstari kwa hatua za gwaride, akapiga magoti pembeni, akatoa kiberiti mfukoni. Ndani hamkuwa na njiti. Mlikuwa na vipande vya kigozi cha buibui. Akalamba kimoja, akakibandika, akaguna mara mbili hadi kikaitika, akajifuta vumbi kwenye soksi na kurudi mstarini.