Obijekti Haijihifadhi Yenyewe

Msimu wa kahawa uliopita niliitwa kwenye chama kimoja cha ushirika, juu kidogo ya mji wa Moshi. Umeme ulikuwa umekatika saa nne asubuhi, na uliporudi, kilo zote zilizopimwa tangu mizani ifunguliwe hazikuwemo. Kijana aliyeandika programu akanionyesha kodi yake, yaani maagizo ya programu, aliyoyaandika kwa lugha ya Java. "Kaka, mbona mkulima nimemtengeneza hapa?" Alikuwa amemtengeneza kweli. Hakuwa amemhifadhi.

Hiyo ndiyo dhana potofu ya kwanza: kwamba ukishaunda obijekti (kifurushi cha data ndani ya programu, kama huyo mkulima), ipo. Ipo, lakini kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM ikikosa umeme haikumbuki kitu.

Dhana: basi tuitupe obijekti nzima kwenye faili, yaishe.

Ukweli: Java inaweza, tena tangu toleo la 1.1 la mwaka 1997. Shida huja baadaye. Usipoipa klasi yako (kiolezo cha kuundia obijekti) namba ya toleo, Java huikokotoa yenyewe kutokana na umbo la klasi. Siku ukimwongezea mkulima sehemu ya namba ya simu, namba inabadilika na mafaili ya zamani yanakataa kufunguka. Halafu mwenyekiti akiuliza ni nani walioleta zaidi ya kilo 100, huna pa kuuliza. Itabidi ufungue kila kitu uanze kuhesabu. Kwa wa lugha ya Python wanaotumia pickle, njia yao ya kutupa obijekti kwenye faili, onyo jingine: faili ya mtu usiyemwamini inaweza kuendesha kodi yake kwenye mashine yako.

Dhana: ukishaweka Hibernate, zana ya Java ya kuhifadhi obijekti kwenye kanzidata, SQL (lugha ya kuiuliza kanzidata) unaisahau.

Hapa ndipo wengi tunapoumia, mimi nikiwemo. Hibernate, aliyoianzisha Gavin King mwaka 2001, hutafsiri obijekti kuwa mistari ya jedwali la kanzidata na kuirudisha kuwa obijekti. Inatafsiri vizuri, lakini haikuulizi kama ulichoomba kina akili. Yule kijana alikuwa na ukurasa wa wakulima 300, kila mmoja na jumla ya kilo zake. Kwenye kodi ni kitanzi (maagizo yanayorudiwa) cha mistari minne, safi kabisa. Tukawasha maandishi yanayoonyesha SQL inayotumwa, tukatazama: swali moja la kuleta wakulima, kisha swali moja kwa kila mkulima kuleta mizigo yake. Maswali 301! Seva iko Dar es Salaam. Tuseme kila swali linakwenda na kurudi kwa milisekunde 40, hizo ni sekunde 12 karani akikodolea macho skrini tupu huku foleni inanung'unika. Tukaomba wakulima pamoja na mizigo yao kwa swali moja, ukurasa ukafunguka papo hapo. Ili kulijua hilo, ilibidi tuisome SQL ile ile tuliyoambiwa tuisahau.

Dhana nyingine ndogo ila sugu: mkulima yule yule akisomwa mara mbili ni obijekti ile ile. Akisomwa kwenye vikao viwili tofauti vya programu na kanzidata, unapata obijekti mbili, na alama ya ==, ya kulinganisha kwenye Java, itakuambia si sawa. Kwenye jedwali utambulisho ni ufunguo mkuu, namba ya kipekee ya kila mkulima. Usitegemee jina, huku kwetu akina Massawe na Mushi wamejaa kila kijiji.

Na wanaosema kanzidata za obijekti, zinazohifadhi obijekti zenyewe bila majedwali, zilikufa? Hapana. Kiwango chao cha pamoja, ODMG, kilitoka mwaka 1993 na kundi lililokitunza likavunjwa mwaka 2001, lakini GemStone, mojawapo ya kanzidata hizo, bado inatumika. Majedwali yalitawala kwa sababu lugha yoyote inayafungua.

Tulirekebisha hivi: mzigo na jumla ya mkulima vinaandikwa katika muamala mmoja, yaani vyote viingie au kisiingie hata kimoja, na risiti haichapwi mpaka muamala ukamilike. Wiki iliyofuata umeme ukakatika tena, gunia likiwa bado kwenye mizani. Ulipowaka, karani akatazama printa, hakuna karatasi. "Mama, lirudishe hilo, tupime upya."