Sikilidi wa Asia: Maneno ya Dukani na Mambo ya Tangini

Jumamosi iliyopita jirani yangu, mwalimu mstaafu tunayekaa naye ploti moja hapa South B, Nairobi, alibisha hodi akiwa na ndoo mkononi. Ndani alikuwamo samaki mmoja mwekundu, ana kinundu kwenye paji la uso kama mtu aliyegonga fremu ya mlango.

"Kijana, nimepata sikilidi wa Asia. Nimeambiwa anataka chumvi. Nigawie ile yako kidogo."

"Mwalimu, karibu kwanza ukae," nikamwambia. Chumvi sikumpa. Haya hapa chini ni maneno ninayoambiwa kuhusu samaki hawa, na yale niliyoyaona tangini.

"Flawahoni ni sikilidi wa Asia"

Samaki wa mwalimu alikuwa flawahoni, na sikilidi ni ukoo wa samaki ambamo hata ngege (tilapia) yumo. Muuzaji hakumdanganya moja kwa moja. Flawahoni alizalishwa Malaysia miaka ya 1990 kwa kuchanganya jamii kadhaa za sikilidi, ila mababu zake walitoka Amerika ya Kati. Ni kama gari lililounganishwa Thika: halina ukoo Murang'a. Ni samaki wa maji matamu, na chumvi ya nini kwake?

Sikilidi wenyeji wa Asia ni wachache mno ukiwalinganisha na mamia waliojaa Ziwa Victoria na Ziwa Malawi. Wako wa bonde la Yordani, wako wa kusini mwa Iran, halafu wako hawa ambao wafugaji huwatafuta: kromide wa India na Sri Lanka. Kromide ni jamii tatu tu, na ndugu zao wa karibu kabisa wako Madagaska.

"Wakiwa wadogo hawatofautiki na ngege"

Hapa ndipo watu huliwa pesa, na mimi nimo. Duka moja mjini liliniuzia "kromide wa kijani" watano, vijisamaki vya kijivu vyenye mistari ya wima. Nilikuja kugundua baadaye kwamba nimefuga tilapia. Ningewanunua soko la Gikomba wakiwa wakubwa, tena wamekaangwa, ingekuwa nafuu.

Siku hizi siangalii rangi kwanza. Naomba samaki awekwe kwenye chombo chembamba cha kioo, nawasha tochi ya simu kwa nyuma, napiga picha ya ubavu na kuikuza. Tazama pezi la chini lililo nyuma ya tundu la haja. Sehemu yake ya mbele ina miiba migumu, na mwanga ukipita unaiona imejipanga kama meno ya kitana. Ngege ana miiba mitatu. Kromide wa kijani ana 12 au 13, na yule wa machungwa ana 12 hadi 15. Huna haja ya kuhesabu hadi mwisho. Ukivuka mitano tu, huyo si ngege.

Ukishajua ni kromide, rangi sasa inasaidia. Wa kijani ana mistari minene ya wima, vidoa vinavyong'aa kama lulu kwenye magamba, na doa jeusi kwenye shina la pezi la ubavuni. Wa machungwa ni mdogo na mviringo, ana safu za vidoa vyekundu juu ya mwili wa manjano, na baka jeusi katikati ya ubavu. Ukimwona amekuwa wa machungwa mwili mzima bila baka, huyo amezalishwa na wafugaji hadi akapata rangi hiyo. Si jamii nyingine. Wa tatu, kromide wa Kanara, ni nadra hata kwao Karnataka, India, kwa hiyo ukitajiwa jina hilo mjini, hesabu miiba mara mbili.

Jina nalo lisikupoteze. Kromide wa kijani, ambaye leo kisayansi ni *Etroplus suratensis*, alipewa hilo neno *suratensis* na mtaalamu wa samaki Bloch mwaka 1790, kama kwamba ni wa Surat, magharibi mwa India. Nyumbani kwake hasa ni kusini, kwenye maji ya mikokoni ya Kerala, wanakomwita karimeen. Mwaka 2010 jimbo hilo lilimtangaza samaki wake rasmi. Humpaka viungo, humfunga kwa jani la mgomba na kumchoma. Anaweza kufika sentimita 40, ingawa wengi huishia karibu 20. Wa machungwa hukomea kama sentimita 8, ndiyo maana kwa tangi la sebuleni namchagua yeye.

"Wote lazima wawe kwenye chumvi"

Wa Kanara ni wa mito ya maji matamu kabisa. Hawa wengine wawili wanavumilia maji matamu, lakini huwa imara zaidi kwenye chumvi kiasi, ile ya mahali mto unapokutana na bahari. Tangi langu nimeliweka hidromita (kifaa cha kupimia chumvi ya maji) isome 1.005 hadi 1.006. Hiyo ni takriban gramu 9 za chumvi kwa lita, kama robo ya chumvi ya bahari.

"Chumvi ni chumvi, hata ya ugali"

Kwanza, ugali hauna chumvi. Pili, chumvi ya jikoni ni sodiamu kloridi karibu tupu, ilhali ya bahari ina magnesi, kalisi na vitu vinavyozuia maji yasigeuke kuwa na asidi. Maji ya mfereji Nairobi, yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, ni laini, hayana madini mengi ya kujitetea. Ukiyatia chumvi ya jikoni umepata maji ya chumvi yaliyo maskini vilevile. Nunua chumvi ya matangi ya bahari. Tangi langu la lita 200 lilikula kilo 1.8 mwanzoni, na kila ninapobadilisha lita 40 napima gramu 360.

Magadi pia nimeshauriwa, eti kule Ziwa Magadi sikilidi wanaishi. Ni kweli wanaishi, kwenye maji yenye pH ya karibu 10, lakini ni jamii iliyoumbika kwa shida hiyo. Kwa kromide, magadi yatapandisha pH na kuifanya amonia ya tangini iwe sumu kali zaidi.

Na kubeba maji ya bahari kutoka Mombasa? Inawezekana: lita 50 za bahari kwa 150 za maji matamu. Wewe mwelezee tu kondakta hiyo mitungi ni ya nini.

"Maji yakipungua, ongeza ya chumvi"

Hili nimelifanya mwenyewe. Yanayopaa ni maji, chumvi inabaki. Kwa wiki kadhaa nilijaziliza kwa maji ya chumvi, hidromita ikapanda hadi 1.010 nami nikaishuku kuwa mbovu. Unajaziliza kwa maji matamu yaliyoondolewa klorini. Ya chumvi ni ya kubadilishia. Na hidromita yenye mshale uigongegonge kwanza, kwa sababu kiputo kimoja kikishika mshale huunyanyua na kukudanganya.

"Nairobi haina baridi ya kuhitaji hita"

Aliyesema hivi hajalala hapa Julai. Kromide wanataka nyuzi 24 hadi 28. Tena tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji hapa hushika oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko Mombasa kwa joto lilelile. Pampu ya hewa inayotumia betri nimeiweka kando. Stima ikipotea usiku, tangi nalifunika blanketi na pampu inaendelea.

"Vifaranga wakimdonoa mzazi, ni wagonjwa, watenge"

Mwalimu ndiye aliyeniuliza hili, akiwa ameinama mbele ya tangi, chai imempoa. Wangu walitaga kwenye kigae cha chungu, mume na mke wakapokezana kuyapepea mayai, na sasa wingu la vifaranga lilikuwa linawafuata. Kila mara kimoja kinachomoka, kinagusa ubavu wa mzazi, kinarudi. Wanakula ute wa ngozi yake. Mzazi anasimama tuli mapezi yakitetemeka, kisha anageuka kuwapa ubavu wa pili.

Ukiwatenga mapema unawanyima chakula hicho. Mimi huwaacha hapohapo na kuwatilia artemia wachanga (uduvi wadogo mno) asubuhi na jioni. Mwalimu alikaa hadi saa saba mchana, kisha akachukua ndoo yake akaenda kumtafutia flawahoni maji matamu.