Seine ni juya

Natafsiri maandishi ya uvuvi, na neno la Kiingereza ninaloulizwa mara nyingi ni *seine*, linalotamkwa "sein". Wengi huandika "wavu wa kukokota", na hapo maana hupotea, kwa sababu *trawl* nayo hukokotwa, tena na chombo kikiwa mwendoni. *Seine* huzungushwa kwanza. Ncha moja ya kamba hubaki ufukweni, mtumbwi huzunguka nusu duara ukimwaga wavu, kisha ncha ya pili huletwa nchi kavu. Vyelezo hubeba kamba ya juu, vipande vya risasi, madini mazito, huzamisha ya chini, na watu wa pande zote mbili huvuta hadi samaki wabanwe katikati. Mvuvi wa Pwani analijua: ni juya. Wa Ziwa Victoria ataliita kokoro.

Wagiriki waliliita *sagene*. Herodoto, mwanahistoria wao wa kale, anasimulia jinsi Waajemi walivyoteka visiwa vya Chios, Lesbos na Tenedos: askari walishikana mikono kutoka pwani moja hadi ya pili, wakapita kisiwa kizima wakisaka watu. Kitenzi alichotumia kimetokana na jina la wavu huo. Warumi wakasema *sagena*, makabila ya Kijerumani yakalichukua kwao, na katika Kiingereza cha Kale likawa *segne*. Kifaransa nacho kililirithi kutoka Kilatini, na tahajia ya leo ina sura hiyo ya Kifaransa. Mto Seine wa Paris haumo katika ukoo huu. Jina lake limetoka kwa *Sequana*, jina la kale la mto huo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko Mathayo 13:47. Kigiriki kina *sagene*, Kilatini *sagena*, na Biblia ya Union inasema ufalme wa mbinguni "umefanana na juya, lililotupwa baharini, likakusanya wa kila namna". Wangeandika "wavu" tu, mfano ungelegea. Juya halichagui, ndiyo maana katika aya inayofuata wavuvi wanaketi pwani kutenganisha wema na wabaya.

Kutochagua huko ndiko kulikolitia matatani kwetu. Matundu madogo hukomba samaki wachanga, na kamba ya chini huburuta majani ya bahari wanamokulia. Kenya na Tanzania zimelipiga marufuku. Kwa hiyo anayetafsiri katazo hilo aandike "juya", au "kokoro" akiwaandikia watu wa ziwa, ili mwenye jarife, wavu wa kutega, asidhani ni yeye anayekatazwa, na mwenye juya asijifanye hakuelewa.