Kafara katika sataranji: maana yake na namna inavyomwacha mfalme wazi

Katika sataranji, mchezo ambao wengi siku hizi huuita chesi, kafara ni hatua ambayo mchezaji huiachia kete yake iliwe kwa makusudi, bila kupata kete ya thamani inayolingana nayo, kwa sababu anatarajia faida ya namna nyingine. Neno limechaguliwa vizuri, ingawa ubaoni maana yake imepinduka: kafara ya kawaida hutolewa ili balaa limwepuke mtoaji, ilhali hii hutolewa ili balaa limshukie aliyeipokea.

Wachezaji hupima kete zao kwa kitunda, kete yenye thamani ndogo kuliko zote. Farasi na askofu huhesabiwa kila mmoja sawa na vitunda 3, ngome 5 na malkia 9. Mfalme hana bei, kwa kuwa akinaswa mchezo umekwisha hata kama upande wake una kete zote nyingine, na hapo ndipo kafara inapopata nguvu zake. Hesabu ya vitunda hujumlisha ubao mzima, lakini mfalme hunaswa katika pembe moja tu, na ngome iliyolala a8 (herufi a hadi h hutaja safu ya wima, na namba hutaja mstari, kuanzia 1 upande wa Mweupe hadi 8 upande wa Mweusi) tangu mwanzo wa mchezo haina msaada wowote kwa mfalme anayeshambuliwa h7. Anayetoa kafara ananunua muda na njia: mpinzani anatumia hatua yake kula, na wakati huohuo kitunda kilichokuwa kikimkinga mfalme kimeondoka mahali pake.

Mfano unaofundishwa kuliko yote huitwa zawadi ya Kigiriki, na unapatikana katika maandishi ya Gioachino Greco, Mwitaliano wa karne ya 17. Mweusi amemficha mfalme wake g8 nyuma ya vitunda vya f7, g7 na h7, naye Mweupe ana askofu d3, farasi f3, malkia d1 na kitunda e5 ambacho kimekwisha kumfukuza farasi mweusi kutoka f6. Askofu anakula kitunda cha h7 na kutoa sheki, yaani anamtishia mfalme moja kwa moja. Mfalme akimla, farasi anaruka hadi g5 kwa sheki ya pili, na malkia yuko tayari kuingia h5. Mfalme akirudi g8, malkia anafika h5 na kutishia kumnasa papo hapo kwenye h7. Akienda h6, askofu wa c1 anamsubiri nyuma ya farasi, na farasi huyo akiondoka tu sheki inafunguka. Akitoka mbele hadi g6, amebaki katikati ya uwanja bila ukuta. Hata hivyo, hatua hizi hazifai kuchezwa kwa mazoea. Farasi mweusi akiwa bado yuko f6, au kukiwa na askofu mweusi anayeweza kurudi kuilinda h7, au mraba wa g5 ukiwa umelindwa vya kutosha, Mweupe anakuwa amepoteza askofu kwa kitunda kimoja, na huo si ushujaa bali ni kosa.

Tofauti kati ya kafara na kosa, basi, haimo katika kete iliyopotea bali katika kile kinachofuata. Rudolf Spielmann, mchezaji wa Austria aliyesifika kwa mashambulizi, alizigawa kafara katika mafungu mawili katika kitabu chake cha mwaka 1935. Zipo zile ambazo marejesho yake yanahesabika hatua kwa hatua, na zipo zile ambazo mtoaji hawezi kuona mwisho wake bali anategemea hisia na uzoefu. Kwa maoni yangu fungu la kwanza ni mkopo tu, wenye tarehe ya kulipwa inayojulikana. La pili ndilo linalostahili jina la kafara.

Mkopo, hata hivyo, unaweza kupendeza sana. Huko London mwaka 1912, Edward Lasker alimtoa malkia wake katika hatua ya 11 kwa kula kitunda cha h7 mbele ya mfalme wa George Thomas. Mfalme alipomla malkia, farasi alikula kwenye f6 na kutoa sheki maradufu, yake mwenyewe na ya askofu aliyekuwa nyuma yake, kiasi kwamba mfalme hakuwa na budi kukimbia. Alikwenda h6, kisha g5, f4, f3 na g2, kila hatua kwa kulazimishwa na sheki, hadi akafika g1, mstari ambao majeshi ya Mweupe huanzia. Hapo mfalme wa Mweupe alisogea hatua moja tu, akaifungulia njia ngome ya a1, na mchezo ukaisha. Hiyo ndiyo maana kamili ya mfalme aliye wazi: mfalme asiye na vitunda wala kete za kumzunguka, ambaye kila mraba anaokimbilia una adui anayeungoja.

Pambano la Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky, lililochezwa London mwaka 1851, linaonyesha jambo hilohilo kwa hesabu. Mfalme mweusi aliponaswa katika hatua ya 23, Anderssen alikuwa amempoteza malkia, ngome zote mbili, askofu mmoja na vitunda viwili, ilhali Kieseritzky alikuwa amepoteza vitunda vitatu tu. Utajiri huo haukumfaa kitu, kwa sababu malkia wake alikuwa a1, pembeni kabisa, na kete zake nyingine nyingi hazikuwa mahali pa kumlinda mfalme.

Mwakilishi mkuu wa fungu la pili, la kafara zisizoonekana mwisho wake, ni Mikhail Tal wa Riga, aliyemshinda Mikhail Botvinnik kwa 12.5 dhidi ya 8.5 mwaka 1960 na kuwa bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 23. Katika mchezo wa sita alimweka farasi wake f4 aliwe, na watazamaji walipiga kelele kiasi kwamba wachezaji walihamishiwa chumba cha nyuma. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba Botvinnik angeweza kujitetea na kupata hali nzuri. Saa, hata hivyo, ilikuwa ikienda, na mtetezi analazimika kuipata hatua sahihi kila mara, wakati mshambulizi anaweza kutosheka na hatua iliyo nzuri kiasi.

Kupokea kafara si lazima. Veselin Topalov alipopewa ngome na Garry Kasparov huko Wijk aan Zee, Uholanzi, mwaka 1999, aliila, na mfalme wake akafukuzwa hadi d1, ilhali angekataa kuila angekuwa salama. Njia nyingine ya kujikinga ni kuzuia moto usiwake: katika mechi ya marudiano na Tal ya mwaka 1961, Botvinnik aliuelekeza mchezo kwenye hali tulivu, mara nyingi malkia wakiwa wamekwisha kubadilishana, naye akautwaa tena ubingwa kwa 13 dhidi ya 8.