Duka la himaya halikuwa amri

Wapo wengi wanaoamini kwamba serikali ya Uingereza iliwahi kuwalazimisha raia wake kununua vyakula vya himaya, yaani vilivyotoka Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake, na kwamba maduka ya muda yaliyofunguliwa mijini yalikuwa njia ya kutekeleza amri hiyo. Si ajabu kuamini hivyo; serikali ikifungua duka, mtu hutarajia sheria nyuma yake.

Lakini sheria ndiyo iliyokosekana. Katika uchaguzi wa 1923 chama kilichotaka ushuru kwa bidhaa za nje kilipoteza wingi wake bungeni, kwani watu walihofia chakula kupanda bei. Basi mwaka 1926 serikali ikaunda bodi ya kutangaza bidhaa za himaya kwa mabango, filamu, utafiti na maduka hayo. Mnunuzi alibembelezwa tu. Siagi ya Denmark, nchi isiyokuwa ya himaya, iliendelea kuuzwa kama kawaida.

Wala bidhaa zilizotangazwa hazikutoka makoloni ya tropiki peke yake: siagi ya New Zealand na matufaha ya Kanada vilipigiwa debe sana. Pwani yetu nayo ilikuwemo. Mapishi ya pudini ya Krismasi yaliyosambazwa mwaka 1927 yalitaka karafuu iliyosagwa ya Zanzibar, mfano ninaoupenda kuliko yote.

Ushuru wa upendeleo, yaani unaotoza bidhaa za himaya kidogo kuliko za nje, ulikuja kwa upana 1932, na mwaka uliofuata bodi ikavunjwa.

Ukikutana na bango la enzi hizo, tazama kitenzi chake: linashawishi, au linataja adhabu? Kisha linganisha mwaka wake na mwaka wa sheria ya ushuru. Kumbukumbu za bunge la Uingereza zinasomeka mtandaoni bure.