Pasha kwanza, smashi baadae

Mie kazi yangu fiziotherapia, na jioni nasaidia timu za vijana wa voliboli hapa Mjini Unguja, kwa hiyo magoti ya watoto wa skuli nayaona kiwanjani na nayaona tena kitandani kwa matibabu. Kinachonikera zaidi ni vile tunavyopasha misuli joto kabla ya kucheza. Timu inafika saa kumi, raundi mbili za kiwanja, halafu duara, kapteni anahesabu moja mpaka kumi watu wamesimama wanajinyoosha, mguu huu, mguu ule, kisha hao foleni ya smashi, ile ya kuruka na kuupiga mpira kwa nguvu juu ya wavu. Mpira mmoja, vijana 12. Mtu anaruka mara moja, anarudi nyuma kupiga stori, zamu yake ikifika tena keshapoa.

Hapo kwenye kujinyoosha ndo makocha wananibishia sana. Ukiuvuta msuli ukaushikilia zaidi ya sekunde 60, nguvu yake ya kuruka inapungua kwa muda, hili limepimwa mara nyingi tu. Sekunde 15 au 20 hazina neno, ila hazimsaidii mtu kuruka, mie naziacha mpaka mwisho wa mazoezi. Kabla ya mechi tunataka msuli upate joto, maana ukiwa na joto unajikunja haraka.

Kwa hiyo tunaanza na mbio ndogo ndogo dakika 4 au 5, mbele, nyuma, ubavu ubavu, kwa sababu upande wa timu moja ni mita 9 kwa 9 tu, hizo raundi ndefu za nini? Halafu hatua ndefu goti la nyuma likishuka karibu na chini, kuchuchumaa, kuzungusha mikono. Kwa bega tunakata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, tunaufunga kwenye nguzo, kiwiko kinabana ubavuni na mkono unavuta kwenda nje, mara 10 au 12 kila upande. Ile misuli ya nyuma ya bega ndo breki ya mkono ukishapiga smashi, na kwa vijana wengi ndo dhaifu.

Sasa kutua. Hapa mie nakaa sana. Namwambia kijana aruke kidogo tu, atue, abaki hapo hapo asitikisike, halafu natazama magoti. Yakiingia ndani yakakaribia kugusana, huyo simuachii kupiga smashi kwa nguvu mpaka arekebishe: goti lifuate vidole vya mguu, nyonga irudi nyuma, na nisisikie kishindo. Kwenye saruji kishindo kinasikika mpaka nje ya kiwanja. Baadae mguu mmoja mmoja, mwenzake anamrushia mpira aurudishe bila kuyumba, maana vifundo vingi vinateguka pale wavuni mtu anapotua juu ya mguu wa mwenzake.

Baada ya hapo ndo miruko inapanda ngazi: bloku nyepesi, yaani kuruka wavuni mikono juu kuzuia smashi, hatua tatu za smashi bila mpira, nusu nguvu, mwisho nguvu zote lakini mara chache, tatu nne inatosha, tunamuamsha hatumchoshi. Yote dakika 15 hadi 20. Kwenye mechi rasmi wavuni mnapewa dakika 6 kwa pamoja kama mlishapata kiwanja kabla, kwa hiyo haya yawe yameisha, zile 6 ni za smashi na savisi. Foleni zigawe mbili.

Msimu wa kaskazi, Januari hivi, jua likiwa kali tunapunguza tukapasha kivulini, na maji watu wanywe kabla, sio wasubiri kiu. Wakati wa kusi kukiwa na baridi tunarefusha kidogo.

Na wale wa benchi jamani. Mtoto kakaa seti mbili nzima, kocha anamuita aingie kwenye bloku, miguu imeshaganda. Sheria inawaruhusu wapashe bila mpira kwenye eneo lao huku mechi inaendelea, basi wainuke.